Hadithi Tulizolima Siku za Alhamisi

Kwako Mumbua,

Nimewatuma wewe na baba yako Kyumbi makusudi. Ile kamba ya kufungia sanduku ambayo nimesema imepotea haijapotea, nimeikalia hapa. Nilitaka nyumba ipoe kidogo niandike, maana kesho asubuhi, kabla hujaondoka kwenda kazini Lodwar, shangazi zako watajaa uani na sitapata hata nafasi ya kukutazama vizuri, sembuse kusema neno la maana. Na kwa jinsi ninavyomjua baba yako, akifika Kyumbi lazima amsalimie kila mwenye kibanda na kumuuliza habari za ng'ombe wake. Kwa hivyo nina muda.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa. Wewe ni muuguzi, na kama unahitaji mama yako akukumbushe hayo, basi watu wa Lodwar wana taabu. Sitakuambia juu ya joto, wala nyoka, wala wanaume. Hayo yote shangazi zako watakueleza kesho mpaka uchoke, na mengine watayatunga hapo hapo. Mimi nina jambo moja tu, lile ulilolitamka Jumapili tukichambua mbaazi.

"Mum, mimi nimeachana na hiyo maneno ya kuandika," ulisema, hata hukuinua macho.

Nikakuuliza kwani kumetokea nini.

"Sina mudi. Nangojanga ikuje, haikuji. Na siku inakuja, nikiandika halafu nisome, naona ni wewe. Vile watu wangu wanaongea ni vile watu wako wanaongea. Wewe moja unatosha, ama?"

Baba yako alicheka, nami nikacheka, tukaendelea na mbaazi. Lakini lile neno limenikaa kifuani tangu siku hiyo. Sikukujibu pale kwa sababu mtu akijibiwa haraka juu ya jambo kama hilo huona anabembelezwa, na wewe hupendi kubembelezwa tangu ukiwa mdogo. Sasa nakujibu. Nivumilie, nitazunguka kidogo, ndivyo nilivyo.

Nianze na Konza, kwa sababu hujawahi kusikia habari za Konza kutoka kinywani mwangu. Baba yako ndiye hunitania nazo, nami huzikatiza.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla hujazaliwa. Nilikuwa nikifundisha shule ya msingi hapa Katelembo, nimeshaandika hadithi kadhaa za watoto, na nilikuwa nimejitia kichwani kwamba sasa ni wakati wa riwaya. Kulikuwa na neno nililolipenda sana siku hizo, ilhamu. Nilidhani ilhamu huwajia watu waliotulia, wenye meza inayotazama mbali. Binamu ya baba yako alikuwa msimamizi wa ranchi kule Konza, na alikuwa na nyumba ambayo haikuwa na mtu likizo ya Agosti. Nikaona Mungu amenijibu.

Taabu ilikuwa moja, Agosti ni mwezi wa mwethya. Wewe umekulia humo kwa hivyo huoni ajabu, lakini acha niyaseme kwa raha yangu. Kiangazi ndipo wanawake wa kikundi chetu hukusanyika kila Alhamisi katika shamba la mmoja wao, wakachimba matuta ya fanya juu, udongo unarushwa upande wa mlima ili mvua ya Oktoba ikija isiuburute hadi mtoni. Alhamisi hii kwangu, ijayo kwako. Ukitaka kukosa, unaleta sukari na majani ya chai, na unaeleza sababu. Mimi nilipeleka sukari yangu nikijiona kama mtu anayekwenda ng'ambo.

Mama Kioko ndiye alikuwa mwenyekiti wetu, na ndiye hadi leo, na nadhani hata mbinguni atataka kiti hicho. Aliupima mfuko wa sukari mkononi.

"Unaenda kufanya nini huko?"

"Kuandika kitabu."

"Na hapa hakuandikiki?"

"Hapa kuna kelele, Mama Kioko."

Akawatazama wale wanawake wengine shambani, waliokuwa wakicheka juu ya jambo fulani mpaka majembe yamesimama. "Haya, Mwalimu," akasema. "Uende, ulete hiyo kitabu tuone."

Mumbua, sijui nikuelezeje kile kimya. Siku hizi wanasema huko kunajengwa mji wa kompyuta. Wakati huo kulikuwa na nyasi, upepo, ng'ombe wa mtu mwingine, na kwa mbali sana malori ya barabara ya Mombasa. Niliweka meza mbele ya dirisha. Nikaandika: Nzioka alisimama dirishani akitazama nje. Nzioka alikuwa tajiri aliyerudi kutoka ughaibuni, sijui alitafuta nini huko wala kwa nini alirudi. Nilimsimamisha pale dirishani, nikasoma, nikachana. Nikamsimamisha kwenye dirisha jingine. Nikamvalisha koti. Nikamvua. Likizo nzima yule bwana hakuketi.

Nilifagia ile nyumba mpaka sakafu ikanichukia. Nilioga mara nyingi kuliko inavyofaa mahali penye shida ya maji. Nililala mchana nikitumaini nitaota. Kosa langu, nalijua sasa, lilikuwa kudhani ilhamu ni mgeni, kwamba nikisafisha nyumba na kukaa kimya atabisha hodi. Sisemi kimya ni kibaya. Wapo wanaoandika vizuri sana humo. Ila mimi sikwenda Konza kutafuta kimya, nilikwenda kuwakimbia watu, na nilipowakimbia nikabaki sina hata mmoja wa kumwandika.

Nikarudi nyumbani na Nzioka wangu bado amesimama. Watu walipouliza kitabu kiko wapi nilisema kinakaribia. Baba yako alijua, lakini alinipokea tu mkoba na kuniuliza kama nimekula. Kwa hilo namshukuru hadi leo, kwani angenicheka siku ile ningeacha kabisa.

Kiangazi kilichofuata nilikuwa na mimba yako, na ilikuwa mimba ya ubishi kama mwenyewe. Daktari akanikataza jembe. Sasa mwethya una sheria, hakuna anayekaa bure. Asiyeweza kulima anaimbisha wenzake au anapika uji. Nikajaribu kuimbisha. Wanawake walivumilia tuta moja, kisha Mama Mutheu, ambaye ni jirani yetu na hana siri, akasema afadhali walime kama wanazika mtu kuliko kusikia ile sauti. Nikapelekwa jikoni. Moshi ukanitapisha. Nikarudishwa shambani nikiwa nimeshika tumbo, na Mama Kioko akanitazama kwa muda kama mtu anayetazama kifaa ambacho hajui kazi yake.

"Si wewe ulikuwa unaandika kitabu?" akasema. "Basi tuhadithie. Ukae hapo kwa tuta, na upaze sauti."

Nilianza na Nzioka, maana ndiye niliyekuwa naye. Nzioka alisimama dirishani akitazama nje. Majembe yakaendelea. Nikaeleza koti lake. Nikaeleza mawazo yake, ambayo yalikuwa mengi na mazito. Majembe yakaendelea. Nilipofika kati, Mama Mutheu akajinyoosha mgongo.

"Mwalimu, niko na swali. Huyo mtu anakulanga nini?"

Nikasema ana mpishi.

"Anaitwa nani?"

Nikasema la kwanza lililonijia, Syokau.

"Na huyo Syokau ametoka wapi? Ako na watoto? Amewaachia nani?"

Sikujua. Wale wanawake wote walikuwa wamegeuka kunitazama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kwa hofu nikasema Syokau ana mtoto mmoja ambaye amemwacha kwa nyanya yake, na kwamba tajiri hajui. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo kamwe. Lilitoka tu, kwa sababu mtu aliuliza na alitaka kujua. Alhamisi iliyofuata walinipokea na uji wa kwanza, na Mama Mutheu akaniuliza hata kabla ya salamu, "Alijua ama bado?"

Ndivyo kitabu changu cha kwanza kilivyoandikwa, mwanangu. Watu wakiniuliza kwenye mikutano ya shule nilipata wapi wazo la Syokau, huwa nasema maneno ya kisomi kidogo, naona haya kusema nilibanwa na mtu mwenye jembe. Wewe nakuambia ukweli. Nzioka aliondoka dirishani na hakuna aliyelikumbuka dirisha hilo.

Usidhani walikuwa wasikilizaji wapole. Niligundua kwamba hadithi ikiwa mbaya majembe yanakwenda sawasawa, na ikiwa nzuri yanapunguza mwendo, na hapo Mama Kioko anakasirika kwa sababu kazi haiendi. Ikabidi nijifunze kupima. Sehemu za safari na mazungumzo niliziweka asubuhi wakati watu wana nguvu, na jambo zito nililiweka mwisho wa tuta, karibu na uji. Siku nilipomuua Nzioka niliharakisha. Nilimuua mapema sana, tuta liko nusu. Wakaweka majembe chini wote. Mmoja akalia. Wakaanza kujadili nani atamzika na kama Syokau ana haki ya kusimama mbele, na tuta likabaki hivyo hivyo. Mama Kioko alinitoza faini ya majani ya chai kwa kumuua mtu kabla ya uji.

Hadi leo nikiandika najiuliza, hapa majembe yanakwenda au yamesimama? Sina kipimo kingine. Nimesoma vitabu vinavyofundisha uandishi, vingine vizuri, lakini nikivifunga nasikiliza majembe.

Sasa kuhusu ile mudi yako. Kuna Jumatano nyingi sana nilizokuwa sina kitu. Nimerudi kutoka masomo ya likizo nimechoka, chaki kwenye nywele, wewe una homa, na kesho ni Alhamisi. Sikuwa na hamu hata ya kuongea, seuze kuandika. Lakini nilijua wale wanawake watafika, na wamemwacha Syokau kwenye jambo fulani, na hakuna mtu mwingine duniani wa kumtoa hapo. Basi nakaa. Naandika sentensi mbaya. Naandika nyingine, mbaya pia. Mahali fulani kwenye ile ya nne au ya tano Syokau anageuza kichwa, na nalala usingizi mzuri. Hamu ilikuja hivyo, ikinikuta kazini na imechelewa, kama fundi wa mabomba. Sijawahi kuiona ikifika kwanza.

Na wewe ulikuwepo. Nataka ulijue hili vizuri kuliko mengine yote niliyosema. Ulikuwa tumboni kwa nusu ya kwanza ya kitabu, na kwa nusu ya pili ulikuwa umelazwa kwenye leso kando ya tuta, unakula udongo. Ulipofika miaka minne, ulikuwa unasikiliza kuliko wote. Siku moja, hiyo sasa ilikuwa riwaya ya pili, nilisema msichana mmoja alikimbia akaruka mtaro. Ukasimama katikati ya wale mama wazima ukasema, "Hawezi. Ako na kidonda kwa mguu." Nilikuwa nimempa kidonda Alhamisi tatu nyuma na nimekisahau. Hakuna mwingine aliyekumbuka. Mama Kioko akasema, "Huyu wako atakuwa daktari." Mimi nilijua kwamba utakuwa mwandishi, na naona sote wawili hatukukosea sana. Asante kwa kile kidonda. Kitabu kizima kiligeuka kwa sababu yake, maana msichana asiyeweza kukimbia ilibidi atumie akili.

Nisikupambie. Nimewahi pia kuharibu kwa sababu ya hao hao wanawake. Walimpenda Syokau mno, wakataka aolewe na Nzioka. Nilikuwa bado sijamuua Nzioka wakati huo, na kila Alhamisi ni harusi lini, harusi lini. Nami nikiwa mtu wa kupenda kupendwa, nikawapa harusi. Walipiga vigelegele juu ya tuta mpaka watu wa barabarani wakasimama. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, nikaandika harusi yote, nikapeleka kwa mchapishaji mmoja Nairobi. Kitabu kikarudi. Waliandika mistari michache ya adabu, kwamba mwisho wake hauaminiki.

Uchungu haukuwa kwamba wamekosea. Ni kwamba nilikuwa nimejua. Nilijua siku ile ile ya vigelegele kwamba Syokau asingekubali kuolewa na mtu ambaye hajawahi kumuuliza jina la mtoto wake. Nilijua nikanyamaza kwa sababu ya makofi. Niliacha kuandika karibu mwaka. Nilikuwa nikienda mwethya, nalima, nanyamaza, na wakiuliza nasema hadithi imeisha.

Baba yako hakunipa mawaidha hata moja. Alichofanya ni kwamba kila Jumatano alifunga kibanda chake cha biashara mapema, akapika mwenyewe muthokoi wa mahindi na maharagwe, akakuogesha, na akasogeza meza yangu karibu na taa. Halafu anaenda zake kwa jirani kusikiliza mpira. Wiki nyingi sana niliitazama tu ile meza. Hakuuliza. Muthokoi wake ulikuwa mgumu mpaka meno yanauma, na niliumaliza kila mara. Siku moja nikaketi nikaivunja ile harusi, na hapo ndipo Nzioka alipokufa, na kitabu kikawa kitabu. Mama Kioko hakunisemesha kwa msimu mzima wa mvua. Kilipotoka alinunua, akasomewa chote, akaja hapa mlangoni. "Bado nasema angeolewa," akasema, kisha akaingia akanywa chai.

Kwa hivyo nikikuambia tafuta watu wa kukusikiliza, sikuambii uwatii. Watakuuliza maswali mazuri sana, na majibu yao mara nyingi si majibu ya kitabu chako. Ilinichukua muda kutenganisha hayo mawili, na siku nyingine bado nayachanganya.

Huko Lodwar hutakuwa na mwethya. Utakuwa na zamu, na wenzako wa zamu, na chai ya kupumzika katikati. Sikuambii uwaandike wagonjwa, siri zao ni zao, na najua hilo umefundishwa kuliko mimi. Nasema tu kwamba mtu anayeuliza "halafu ikawaje" anaweza kupatikana popote, hata kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Na kama hutaandika tena kamwe, Mumbua, nitabaki mama yako na nitabaki na furaha. Nilikuzaa upate kuishi, sikukuzaa upate kuandika. Unajua kufunga kidonda mtu asisikie uchungu. Hiyo inatosha maisha mazima, wala hutakuwa na deni kwa mtu.

Lakini lile jingine ulilosema, kwamba ukiandika unaniona mimi, hilo siwezi kuliacha lipite. Nilikuwa nimepanga kukueleza kwamba kila mtu huanza na sauti ya waliomlea, kwamba mimi mwenyewe miaka ya mwanzo niliandika kama mtangazaji wa redio. Ni kweli, lakini ni maneno tu, na ungesema mama ananifariji. Bahati nzuri leo ni Alhamisi, na leo kuna jambo lililotokea ambalo sikulitarajia.

Unakumbuka Agosti niliposhikwa na mafua sauti ikapotea, nikakutuma ukashike nafasi yangu mwethya? Ulirudi na malengelenge mikononi, nikakuuliza uliwahadithia nini, ukasema, "Ah, kitu tu." Hukutaka kuniambia. Nimekuja kuisikia kwao, vipande vipande. Ni ya Kalekye, msichana ambaye ndoa imemshinda, na kwa kuwa baba yake amekataa kuwarudisha mbuzi wa ntheo, wale mbuzi ambao kwetu ndio hufunga ndoa, anawaswaga mwenyewe kwa miguu hadi kwa mama mkwe. Anafika langoni. Mama mkwe anatoka. Na hapo uji ukaiva, ukaacha.

Hujui ulichokifanya. Tangu Agosti hawajazungumza jingine. Wanabishana kama Kalekye ataruhusiwa kuingia. Wanabishana juu ya watoto wa mbuzi waliozaliwa katikati, kama ni wa huku au wa kule. Mama Mutheu na shemeji yake wamekosana kabisa kwa ajili ya mtoto mmoja mweupe ambaye sina hakika hata ulimtaja. Leo, kwa kuwa wanajua unasafiri kesho, wakanigeukia mimi. Tulikuwa shambani kwa Mama Mutheu, kwenye tuta la juu.

"Mwalimu, wewe si ndio mama yake?" akasema Mama Kioko. "Tumalizie."

Nikasema sawa. Nakiri niliona raha. Nimeandika riwaya mbili, nimewahadithia wanawake hawa miaka yote hii, kumalizia hadithi ya binti yangu kuna ugumu gani? Nikaweka jembe chini, nikakohoa kidogo. Nikasema mama mkwe alifungua lango, akamtazama yule msichana na vumbi la safari miguuni, machozi yakamtoka, akamwita mwanangu.

Nilisikia majembe. Yalikuwa yanakwenda sawasawa kabisa.

"Hapana," akasema Mama Kioko.

"Hapana nini?"

"Huyo ni wako. Mama mkwe wako hulia haraka. Wa Mumbua hakuwa analia. Alikuwa anaangalia hizo mbuzi, moja moja, kwa meno."

"Na Kalekye wa Mumbua hawezi ngoja aitwe mwanangu," akasema Mama Mutheu. "Huyo angekuwa ameshageuka."

Nikajaribu tena. Nikamfanya mama mkwe kuwa mkali. Nikamfanya anyamaze. Nilitumia kila kitu nilicho nacho, Mumbua, na ninacho kingi. Wakatikisa vichwa. Hawakuwa na hasira, walikuwa na huruma hasa, kama vile mtu anapovaa nguo ya mwenzake na kila mtu anaona haimkai.

"Wacha tu, Mwalimu," akasema Mama Kioko. "Yako tunaijua. Hii si yako. Tutangoja mwenyewe."

Hakuna watu duniani wanaoijua sauti yangu kuliko hawa. Wameilima kwa zaidi ya miaka ishirini. Na walikusikia wewe asubuhi moja tu, ukiwa na malengelenge mikononi, ikawatosha kujua hadithi ipi ni yako na ipi ni yangu. Nimewahi kukataliwa, nimekueleza, na nimelia kwa kukataliwa. Sijawahi kukataliwa nikashukuru. Nilishukuru leo. Niliokota jembe langu, nikalima mpaka mwisho wa tuta, na sijui kama kitabu changu chochote kimewahi kunipa furaha ya namna ile.

Mimi mama yako,
ambaye Alhamisi ijayo atalima tu kama wengine na kungoja.